Gobore Linapogoma Kulia: Sababu, Hatari na Hatua Sahihi kwa Wananchi wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Gobore lililofyatuliwa likakataa kulia ni hatari kuliko lile lililolia. Baruti na risasi zingali ndani ya mtutu, cheche huenda inafuka mahali pasipoonekana, na aliyelishika, kwa kudhani kuwa shughuli imekwisha, hushawishika kuligeuza ili alichungulie. Katika hali hiyo bunduki inaweza kumuua mwenyewe au aliye karibu naye.

Katika Mkoa wa Lindi, kuanzia Kilwa hadi Liwale na Nachingwea, gobore si kitu kigeni. Lipo katika kumbukumbu za vita, katika simulizi za wawindaji na, katika baadhi ya nyumba, lipo darini. Makala haya yanaeleza namna silaha hii inavyofanya kazi, sababu zinazoifanya igome, hatua za kuchukua inapotokea hivyo, na wajibu wa mwananchi mbele ya sheria.

Gobore ni silaha ya aina gani

Gobore ni bunduki inayopakiwa kupitia mdomo wa mtutu. Mpakiaji humimina baruti kwanza, kisha huingiza risasi au marisau pamoja na kizibo cha kitambaa au nyuzi, na kushindilia vyote kwa mdeki, yaani ufito mrefu unaohifadhiwa chini ya mtutu. Bunduki hii haina ganda la risasi wala chemba ya kufungulia upande wa nyuma. Kila mlio huhitaji kupakiwa upya.

Kiswahili cha pwani kimehifadhi majina yanayoonesha hatua za maendeleo ya silaha hii. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi wenye moto. Bunduki ya gumegume ilipata cheche kutokana na jiwe lililogonga chuma. Bunduki ya fataki ilikuja baadaye, kufuatia uvumbuzi wa Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa kutoka Scotland, aliyepata hataza mwaka 1807 kwa kutumia kemikali inayolipuka inapogongwa. Kemikali hiyo baadaye iliwekwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, na hicho ndicho kiitwacho fataki.

Bunduki za fataki hazikutoweka duniani. Viwanda vya nje, vikiwemo vya mji wa Gardone Val Trompia nchini Italia, hutengeneza hadi leo bunduki mpya kwa kuiga zile za karne ya 19, nyingine zikiwa na mifuo ndani ya mtutu, na wanamichezo wa nchi mbalimbali huzitumia katika mashindano ya kulenga shabaha. Upya wa bunduki hizo hauzifanyi kuwa mapambo. Zinaua kama za kale, na hugoma kwa sababu zilezile zinazoyafanya magobore yaliyofuliwa na wahunzi wa vijijini kugoma.

Gobore katika historia ya Kilwa

Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikiwa na pembe za ndovu na watumwa. Bunduki zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizorudi bara. Mwaka 1888 Konseli wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo silaha za kizamani ndizo zilizobaki mikononi mwa wenyeji, wakati majeshi ya kikoloni yakiwa na bunduki za kisasa na bombomu.

Vita vya Majimaji vilipozuka mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, wapiganaji walikuwa na mikuki, pinde na magobore. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mnamo Agosti 4, 1905, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907. Kusalimisha silaha kulikuwa mojawapo ya masharti ambayo Wajerumani waliwawekea waliotaka amani. Historia hii ndiyo inayoyapa magobore heshima katika familia nyingi za kusini. Heshima hiyo inaeleweka. Hata hivyo, haiondoi hatari iliyomo ndani ya mtutu.

Namna mlio unavyopatikana

Ili kuelewa kwa nini gobore hugoma, ni lazima kuelewa kwanza njia ya moto. Mfyatuaji hupandisha mtambo, yaani nyundo iliyo ubavuni mwa bunduki, kisha hubonyeza kifyatulio. Nyundo huangukia fataki iliyovikwa juu ya kifa, ambacho ni kinundu kidogo cha chuma chenye tundu jembamba. Fataki hulipuka na kupeleka ulimi wa moto ndani ya tundu hilo. Moto hupita kwenye mfereji mfupi hadi kwenye baruti iliyo nyuma ya mtutu. Baruti huwaka, gesi hutanuka, na risasi husukumwa nje.

Njia hiyo ina viungo vinne: pigo la nyundo, fataki, tundu la kifa na baruti. Kimoja kikikatika, bunduki hailii. Mafundi hutambua kiungo kilichokatika kwa kusikiliza kilichotokea baada ya kifyatulio kubonyezwa.

Dalili ya kwanza: nyundo imeanguka, fataki haikulia

Hapa kosa liko kwenye pigo au kwenye fataki yenyewe. Springi ya mtambo inaweza kuwa imechoka au kuota kutu, kiasi kwamba nyundo huanguka bila nguvu. Uso wa nyundo unaweza kuwa umelika au umepinda, ukagonga ukingo wa kifa badala ya katikati. Fataki inaweza kuwa imeingia unyevu au imezeeka.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni fataki isiyolingana na kifa. Fataki ndogo mno haishuki hadi mwisho, hivyo pigo la kwanza huisukuma tu ikae mahali pake bila kuilipua. Fataki inayolia kwa pigo la pili huashiria tatizo hilo. Fataki kubwa mno hulegea na kuanguka kabla ya kugongwa. Kifa kilichopigwa kwa miaka mingi nacho hutanuka juu kama uyoga, na fataki isiweze kukaa sawasawa.

Dalili ya pili: fataki imelia, baruti haikuwaka

Hii ndiyo hitilafu inayosumbua zaidi. Moto umezaliwa lakini haukufika. Mara nyingi tundu la kifa au mfereji unaofuata umezibwa na masizi ya milio iliyotangulia, kutu, vipande vya fataki au mafuta. Bunduki iliyopakwa mafuta mengi kwa nia njema na kuegemezwa ukutani mdomo juu huyachuruzisha mafuta hayo hadi chini, yakakusanyika palepale baruti inapotakiwa kukaa. Bunduki mpya za kuiga zile za kale hugoma katika siku zao za kwanza kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa hutoka kiwandani zikiwa na mafuta ya kuzuia kutu.

Sababu nyingine ni baruti yenyewe kulowa, au mpakiaji kusahau kuiweka kabla ya kushindilia risasi. Kosa hilo la usahaulifu huwapata hata wazoefu, hasa wanapopakia huku wakizungumza au wakiwa na haraka.

Dalili ya tatu: mlio umechelewa

Fataki hulia, kimya hupita, kisha bunduki hulipuka. Kimya hicho kinaweza kuwa cha sehemu ya sekunde au cha sekunde kadhaa. Sababu zake ni zilezile za dalili ya pili, isipokuwa kwamba njia haikuzibika kabisa: cheche imepenya na kuiwasha baruti yenye unyevu polepole. Tofauti kati ya gobore lililogoma na gobore lililochelewa haiwezi kujulikana kwa macho. Kwa hiyo kila gobore lililogoma lichukuliwe kuwa limechelewa, mpaka muda wa kutosha upite.

Kwa nini pwani huzidisha tatizo

Baruti nyeusi inapoungua haigeuki yote kuwa moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama mabaki magumu yenye chumvichumvi, na mabaki hayo hufyonza maji kutoka hewani. Katika ukanda wa Kilwa na Lindi, ambako upepo wa bahari hubeba unyevu na chumvi, na ambako mvua za msimu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, masizi yaliyoachwa ndani ya mtutu huwa tope jeusi kwa muda mfupi, kisha huleta kutu.

Gobore lililotumika na kuwekwa bila kusafishwa hujiziba lenyewe. Mafuta peke yake hayatoshi kulisafisha, kwa sababu chumvi hizo huyeyuka katika maji na si katika mafuta. Utaratibu unaokubalika kwa mmiliki halali ni kuhakikisha kwanza kwamba bunduki ni tupu, kuosha mtutu na kifa kwa maji ya moto, kukausha kabisa, kisha kupaka mafuta kidogo. Kabla ya matumizi yanayofuata, mafuta hayo hufutwa na tundu la kifa hukaguliwa kama liko wazi.

Hatua za kuchukua bunduki inapogoma

Hatua zifuatazo zinamhusu mmiliki mwenye leseni aliye mahali anaporuhusiwa kutumia silaha yake.

Kwanza, bunduki iendelee kuelekezwa kule ilikokuwa imelengwa, upande usio na mtu, nyumba wala mfugo. Isishushwe, isigeuzwe, wala isikabidhiwe kwa mwingine.

Pili, asubiri angalau dakika moja kamili, na kwa tahadhari zaidi dakika mbili. Walio karibu waambiwe kwa sauti kwamba bunduki haijalia, na wabaki nyuma ya mfyatuaji.

Tatu, baada ya muda huo, mdomo wa mtutu ukiwa bado upande salama, apandishe mtambo na kuondoa fataki. Kama fataki haikulia, tatizo ni la dalili ya kwanza. Kama imelia, ni la dalili ya pili.

Nne, asichungulie mdomo wa mtutu kwa sababu yoyote ile, wala asiweke kiganja, kifua au uso mbele yake.

Tano, asiongeze baruti wala risasi nyingine juu ya ile iliyokwama. Shehena mbili ndani ya mtutu mmoja huweza kuupasua. Vilevile, risasi isiyofika chini na kuacha nafasi kati yake na baruti huweza kuupasua mtutu. Kwa sababu hiyo wazoefu huweka alama kwenye mdeki inayoonesha kina cha mtutu mtupu na kina cha mtutu uliopakiwa sawasawa.

Sita, kama bunduki bado imegoma, shehena iondolewe na fundi wa silaha anayetambulika kisheria. Fundi huanza kwa kuilowesha baruti kwa maji kupitia tundu la kifa ili isiweze kuwaka, ndipo huivuta risasi kwa parafujo iliyofungwa kwenye ncha ya mdeki. Kuchokoa kwa msumari, kuchoma mtutu kwa moto au kupigapiga kitako chini si njia ya kutoa risasi.

Baruti isiyo yake

Gobore linapogoma mara kwa mara, baadhi ya watu hutafuta baruti kali zaidi. Kosa hilo limegharimu vidole, macho na maisha. Mtutu wa gobore ulitengenezwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, inayopatikana ndani ya risasi za bunduki za leo, huzalisha shinikizo kubwa ambalo mtutu huo hauwezi kulihimili. Vilipuzi vya migodini na vichwa vya viberiti navyo haviingii kabisa katika matumizi hayo.

Aidha, uingizaji, uuzaji na uhifadhi wa vilipuzi husimamiwa na sheria na huhitaji kibali. Wakazi wa pwani wanafahamu madhara ya vilipuzi vinavyozagaa, kwa kuwa vilipuzi vimetumika pia katika uvuvi haramu ulioharibu matumbawe na mazalia ya samaki na kuwajeruhi wavuvi wenyewe. Anayenunua baruti mafichoni hajui alichouziwa, na huenda akaishikilia biashara hiyohiyo.

Gobore la urithi lililoko darini

Hatari isiyofikiriwa sana ni ya gobore ambalo halijatumika kwa miaka mingi. Mzee amefariki, bunduki imebaki juu ya kenchi au nyuma ya kabati, na hakuna anayejua iliwekwa lini. Familia huiona kuwa chuma chakavu. Hata hivyo, baruti nyeusi ikikaa pakavu haiozi: hubaki na uwezo wa kuwaka kwa miongo mingi. Magobore mengi yaliwekwa yakiwa yamepakiwa, tayari kwa nguruwe pori watakaoingia shambani usiku. Pengine lilipakiwa, likagoma, likawekwa pembeni hadi asubuhi, na asubuhi hiyo haikufika.

Ikiwa fataki ingali juu ya kifa na nyundo imeilalia, kuanguka kwa bunduki kutoka darini kunaweza kutosha kuilipua. Watoto wanaoigeuza kuwa mchezo wamo hatarini zaidi. Kwa sababu hiyo, atakayelikuta gobore asilivute, asilifyatue ili kulijaribu, wala asilibebe kwenye pikipiki au basi kulipeleka kituoni. Awaondoe watu katika chumba hicho, kisha atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa mtendaji wa kijiji au kata ili naye awasiliane na polisi, ili wenye ujuzi walikague mahali lilipo.

Wajibu wa kisheria

Ipo dhana kwamba gobore, kwa kuwa ni la kienyeji, halihitaji kibali. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inakataza kumiliki silaha au risasi bila leseni, na mahakama nchini zimekuwa zikisikiliza mashauri ya watu waliokutwa na magobore kinyume cha sheria hiyo. Bunduki mpya iliyotengenezwa kwa kuiga ya kale, maadamu ina uwezo wa kufyatua risasi, haiepuki udhibiti kwa sababu ya umbo lake.

Leseni hutolewa kwa mtu, haiandamani na bunduki. Mmiliki anapofariki, mtoto au mjane harithi haki ya kuishika silaha kwa kuwa tu imo nyumbani. Familia inapaswa kutoa taarifa polisi ili hatua za kisheria zifuatwe. Vilevile, leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009.

Wananchi wanaoishi jirani na mapori ya hifadhi, hususan Liwale na Kilwa, wana sababu ya kweli ya kuhofia tembo, nguruwe pori na nyani wanaoharibu mazao. Gobore linalogoma mbele ya tembo aliyejeruhiwa, hata hivyo, halimlindi mkulima wala shamba lake. Taarifa za wanyama waharibifu zitolewe mapema kwa serikali ya kijiji, kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya au kwa askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Kusalimisha kwa hiari

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo na nyepesi. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Kwa msingi huo, mwaka 2022 Serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, bila mhusika kushtakiwa kwa kosa la kuimiliki. Matangazo ya vipindi vya aina hiyo hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na Jeshi la Polisi, na wananchi wanashauriwa kuyafuatilia.

Familia inayothamini historia ya gobore lake haipotezi historia hiyo kwa kufuata sheria. Simulizi ya babu aliyelishika inaweza kuandikwa, picha yake ikahifadhiwa, na maofisa wakaulizwa kama silaha hiyo inafaa kuhifadhiwa katika makumbusho baada ya kuondolewa uwezo wa kufyatua.

Kwa mwenye leseni, kanuni za kukumbuka ni chache: bunduki isafishwe kwa maji na kukaushwa baada ya kila matumizi, ipakiwe kwa baruti yake, na inapogoma isubiriwe ikiwa imeelekezwa upande salama. Kwa asiye na leseni, kanuni ni moja: asiiguse, atoe taarifa.